Ikupa Alipogeuka

“Panda, Ikupa. Fundi anatusubiri.”

“Siwezi, Ackson.”

“Huwezi nini? Ni Mbeya tu hapo. Unapima shela, tunakula chipsi, tunarudi.”

“Nimesema siwezi.”

Mlango wa teksi ulikuwa wazi. Obed, rafiki yangu mwenye hiyo teksi, alikuwa ameshawasha injini. Tulikuwa stendi ya Tukuyu, Jumamosi asubuhi, mwezi wa saba mwaka 2004, wiki tatu kabla ya harusi yetu. Ikupa alishika mlango, akainua mguu mmoja, na Obed akakanyaga mafuta kidogo ili injini ipate moto. Basi. Mchumba wangu, mwalimu wa darasa la nne anayeogopwa na watoto wote wa shule yake kule Matwebe, akakaa chini kwenye tope na sketi yake ya kanisani, akaziba masikio.

“Mwalimu kapatwa na nini tena?” muuza parachichi mmoja akauliza.

“Kizunguzungu tu, mama,” nikajibu haraka.

Niseme ukweli mapema ili mjue mnasoma maneno ya mtu wa aina gani. Kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa huruma. Ilikuwa aibu. Nina duka la pembejeo pale sokoni, wakulima wa nusu wilaya wananijua, na mke wangu mtarajiwa kakaa kwenye tope mbele za watu kama mlevi.

“Simama, wanatuangalia,” nikamnong’oneza.

“Acha waangalie.”

“Ikupa, ajali imeshapita. Wiki tatu sasa! Na wewe hata mchubuko huna.”

Aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa vile na mtu yeyote. Akasimama, akajikung’uta, akaondoka kwa miguu kuelekea kwao bila kuniaga.

Hiyo ajali ilikuwa hivi.

Baba yangu, Mzee Ambilikile, ni mzee wa kanisa, lakini kuna jambo moja ambalo hakuna mchungaji aliyewahi kumbadilisha. Kwetu Wanyakyusa mkamwana na baba mkwe hawaonani. Tunaita kutila. Tangu ng’ombe wa mahari wapelekwe, binti hamtazami baba wa mchumba wake, hamgusi, hamsemeshi, wala hapiti njia anayopita yeye. Akimwona kwa mbali anaingia migombani. Mzee naye akijua binti yuko karibu anakohoa, ili mwenzake apate nafasi ya kujificha. Vijana wengi siku hizi wamelegeza, wengine wanapeana hadi mikono. Baba hakutaka kusikia hayo.

Ijumaa ile ya ajali pikapu iliyojaa ndizi ilikuwa inatoka Suma kwenda sokoni Tukuyu. Baba alikuwa mbele na dereva. Njiani wakamkuta Ikupa kasimama kwenye mvua, dereva akasimamisha gari. Baba alipomtambua hakusema neno. Alishuka, akazungukia nyuma, akapanda juu ya mikungu ya ndizi alikokuwa amekaa mfanyabiashara mmoja, mama Anyosisye. Kiti chake akamwachia mkamwana. Kilomita mbili mbele, kwenye mteremko wa mashamba ya chai, breki zikakataa na gari likaenda kulala ubavu korongoni.

Dereva alivunjika mkono na kuzimia. Mama Anyosisye alifariki. Baba alibanwa mguu mpaka watu walipofika, na hospitali ya misheni kule Igogwe wakalazimika kuukata juu ya goti. Ikupa alitokea dirishani akiwa mzima. Ukoo wote ukasema Mungu mkubwa, na heshima ya mzee imemwokoa mkwe wake. Tukatoa shukrani kanisani, tukaendelea na vikao vya harusi. Hakuna aliyemuuliza Ikupa alichokiona, na mimi nikiwa wa kwanza kutouliza.

Jumapili, kesho yake baada ya yale ya stendi, Ikupa alikuja nyumbani kwetu. Kwa kuwa baba alikuwa bado kalazwa, aliweza kuingia bila kujificha. Shangazi Tupokigwe, dada yake baba aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa amepika ndizi za nyama, na mwenyewe kakaa mlangoni anamenya nyingine za jioni.

“Kula, mwalimu. Halusi inataka mwili,” akasema; kwa wazee wetu r huwa l, na z huwa s.

“Ndaga, shangazi,” akashukuru.

Ikupa akashika kijiko. Upepo ukaleta harufu ya utomvu wa zile ndizi mbichi kutoka mlangoni. Alikiweka kijiko chini taratibu sana, akainuka, akatoka mbio. Tukamsikia anatapika nyuma ya jiko.

Shangazi akafuta kisu chake kwenye khanga.

“Gwe Ackson. Umemgusa huyu mtoto?”

“Shangazi! Hapana. Tumeahidiana tungoje ndoa.”

“Basi mwenzio hakungoja.”

“Ni ile ajali, shangazi. Bado hajatulia.”

“Mma! Ajali haitapishi mtu wiki tatu. Mimi nina watoto saba, hakuna wa kunifundisha. Umeona wapi msichana wa Lungwe anakimbia ndisi?”

Ningemjibu, lakini simu ya Ikupa, ile ndogo niliyomnunulia wakati wa uchumba, ikalia pale mezani. Ujumbe. Namba haikuwa na jina. Sikupaswa kuufungua, nikaufungua.

“Usiku umepitaje? Jumanne njoo saa nne, tumia mlango wa nyuma kama kawaida. Si lazima mtu ajue mpaka uwe tayari.”

Niliusoma mara mbili. Ikupa akarudi, uso umelowa maji.

“Nani anakutumia ujumbe?” nikamuuliza.

Akaichukua simu, akasoma, akaifunika kwa kiganja.

“Ackson, usiniulize leo.”

“Nikuulize lini? Tukishafika kanisani?”

Shangazi aliendelea kumenya ndizi zake na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Kesho yake, nikiwa dukani nampimia mteja mbolea, ujumbe mwingine ukaingia, safari hii kwangu.

“Ackson naomba harusi isimame. Sio kwamba sikupendi. Siwezi kuingia nyumba ya baba yako. Usiniulize sababu, sina mdomo wa kuitamka. Nisamehe.”

Nilimwacha mteja na gunia lake, nikatoka nje kupiga simu.

“Ni nani?” Hata salamu sikutoa.

“Nani nani?”

“Huyo wa mlango wa nyuma. Niambie jina lake tu, nitakuacha kwa amani.”

“Kwa hiyo umeisoma simu yangu.”

“Una mimba?”

Akacheka, kicheko kibaya ambacho sikujua kama anacho.

“Mimba! Natamani ingekuwa mimba, Ackson. Mimba ni miezi tisa, inaisha.”

“Unasema nini wewe?”

“Nasema sijalala tangu Ijumaa ile. Nasema wiki iliyopita darasani kitabu kilianguka, nikajikuta chini ya meza na watoto arobaini wananitazama. Lakini wewe unauliza mimba.”

“Nauliza kwa sababu hunielezi!”

“Siwezi kukueleza. Wewe hasa, siwezi.”

Akakata. Hilo neno “wewe hasa” lilinimaliza. Nililigeuza kichwani mchana kutwa, na kila nilipoligeuza lilitoka na sura ya mwanaume.

Jumanne sikufungua duka. Shule zilikuwa zimefungwa siku ileile ya Jumatatu, kwa hiyo nilijua hana darasa. Saa mbili asubuhi nilikuwa nimejibanza karibu na kwao. Akatoka na mwavuli na kitenge begani, akashika njia ya kupita kwenye chai. Nikamfuata kwa mbali.

Kila gari liliposikika, hata la mbali, aliacha njia. Alikuwa anaingia katikati ya michai, anasimama, anafumba macho mpaka muungurumo upotee, ndipo anarudi. Mara nne alifanya hivyo. Mtu mwenye akili zake angeona pale pale kwamba huyu hajipambi kwenda kwa mwanaume. Mimi kwa wivu wangu nikaona anachelewa makusudi.

Nilitegemea aishie kwenye gesti moja ya barabarani. Akaipita. Akakata kwenda Igogwe, moja kwa moja hospitali. Nikasema sawa, kumbe ni daktari. Ameniacha mimi muuza mbolea, kamtafuta daktari.

Alizunguka nyuma ya wodi, akagonga mlango mdogo wa buluu, akaingia. Nilihesabu mpaka ishirini. Nikausukuma kwa bega.

“Yuko wapi?” nikafoka.

Kilikuwa chumba chembamba chenye meza, viti vitatu na pazia jeupe lililokigawa katikati. Ikupa alikuwa kwenye kiti kimoja, ameshika mwavuli kwa mikono miwili. Mbele yake alikaa mama mmoja mnene, mwenye sare ya uuguzi na miwani.

“Nani yuko wapi?” yule mama akauliza.

“Huyo mwanaume!”

“Mwanaume niliyemwona humu leo ni wewe. Funga mlango, baridi inaingia.”

Nikafunga. Kelele zote nilizotoka nazo Tukuyu zikanywea.

“Mimi naitwa Generosa. Natoka Bukoba, huu mwaka wa pili niko hapa. Nawahudumia watu waliopata mshtuko mkubwa na wagonjwa wa akili. Ule ujumbe uliousoma niliuandika mimi.”

“Akili? Ikupa sio kichaa.”

“Nani kasema kichaa?” Akamgeukia Ikupa. “Mwalimu, huyu atoke au akae? Hapa wewe ndiye unayeamua.”

Ikupa alinitazama. Nikawa naangalia viatu vyangu, vilivyojaa tope la kumfuata.

“Akae,” akasema.

“Basi kaka yangu, kaa usikilize. Lile gari lilianguka mara moja. Kwake huyu linaanguka kila siku. Likipita gari, linaanguka. Akifumba macho, linaanguka. Akisikia harufu ya ndizi mbichi, yuko kule kule korongoni. Sio uoga, na sio mapepo. Ni mwili ambao haujaamini kwamba hatari imekwisha. Wengi wanapona, hasa wakipata mtu wa kuwasikiliza. Wachache wanampata.”

“Kwa nini hukuniambia?” nikamuuliza Ikupa. “Na mlango wa nyuma wa nini?”

“Kitanda cha baba yako kiko wodi ya mbele. Nikipita mbele ataniona.”

“Ni hilo tu? Ndiyo unavunja harusi?”

“Sio hilo tu.” Akauweka mwavuli chini. “Ackson, nikimaliza kusema hili, unaweza kuondoka. Sitakulaumu.”

“Sema.”

“Nilitokea dirishani. Dereva alikuwa kazimia. Nikazunguka nyuma. Baba yako alikuwa amebanwa mguu na bodi la gari. Mama Anyosisye alikuwa pembeni yake, amelala chali, mkungu umemwangukia kifuani. Nikapiga hatua mbili kuwafuata. Baba yako akaniona.”

“Halafu?”

“Suruali yake ilikuwa imechanika yote, Ackson. Yote.”

Akajifunika uso kwa kitenge. Sista Generosa hakumharakisha.

“Akapiga kelele, ‘Geuka, mwanangu! Geuka!’ Nikageuka. Nikasimama nimewapa mgongo, na kitenge kichwani hivi hivi. Sijui ni nusu saa, sijui zaidi. Nilimsikia mama Anyosisye anaomba aondolewe mkungu kifuani. Mkungu mmoja wa ndizi. Ningeuweza! Nyumbani nabeba miwili. Sikugeuka. Halafu nikawa simsikii tena.”

“Ikupa…”

“Sasa ningekwambiaje? Nimeuona uchi wa baba yako? Nani kwetu anatamka hilo, halafu anapika kwenye nyumba ile? Na nikinyamaza nikaolewa, kila siku niwe namkimbilia migombani mtu ambaye nimeshamwona? Ameninyima usingizi na hana kosa lolote. Na mimi kiti chake ndicho kilichoniponya.”

Nikavuta kiti changu karibu na chake.

Ndipo mtu akakohoa nyuma ya pazia.

Nakijua kile kikohozi tangu nikiwa mtoto. Ikupa alianguka kutoka kwenye kiti, akajifunika kichwa, akakimbilia mlango. Sista Generosa alivuta ncha ya pazia upande wake, akachungulia, akashtuka kweli kweli.

“Mzee! Nani amekuleta saa hizi? Zamu yako ni saa tano!”

“Mhudumu,” ilijibu sauti ya baba. “Alisema ningoje hapa kwenye kiti cha matailo. Nikalala kidogo. Nimeamka nasikia.”

“Mungu wangu. Mzee, samahani. Mwalimu, nisamehe, mimi sikujua kama yumo.”

“Sista,” baba akasema, “mwambie huyo binti asiondoke.”

Ikupa alikuwa ameshika kitasa, mgongo kwetu. Sista Generosa akawa anatutazama, hajui amwambie nani nini.

“Mwambie ya kwamba…” Baba akasita. “Basi. Nitamwambia mwenyewe.”

Katika miaka yangu ishirini na tisa sikuwahi kusikia jambo kama hilo likitoka kinywani mwake.

“Mwanangu, unalala?”

Mvua ilianza kugonga bati. Halafu Ikupa akauambia mlango, kwa sauti ndogo sana:

“Silali, baba.”

“Na mimi silali. Huyu Sista ananijua, napiga kelele wodi nzima inaamka. Nikifumba macho namwona yule mama. Aliniambia, ‘Mwite mkweo aje.’ Nikamwambia ngoja, watu wanakuja. Niliona aibu ya suluali kubwa kuliko loho ya mtu. Wewe ulikuwa unakuja. Hatua mbili, nilisiona. Mimi ndiye niliyekuludisha.”

“Ningekataa, baba. Ningekuja hivyo hivyo.”

“Ungekataaje? Tumekulea sisi, tukakwambia mtu mwema anageuka. Ukageuka. Kosa ni langu na nimelala nalo humu, sina wa kumwambia. Ningesemaje, mkamwana ameniona uchi?”

Yalikuwa maneno yale yale. Nilikaa katikati yao, nikaona aibu nyingine, siyo ile ya stendi. Hawa watu wawili walikuwa wanaumwa ugonjwa mmoja hospitali moja, mmoja mlango wa mbele na mwingine wa nyuma, na sisi huku tunajadili keki.

“Sista,” nikauliza, “ule mkungu ungetolewa, yule mama angepona?”

“Sijui, kaka yangu. Sitawadanganya. Inawezekana alikuwa ameumia ndani zaidi ya kuokolewa. Inawezekana hapana.”

Nilimshukuru kimoyomoyo kwa kutotupa uongo.

“Mwanangu,” baba akaita tena. “Halusi ni yenu. Usiitake kwa ajili yangu. Lakini na kuikataa, usiikatae kwa ajili yangu. Mguu umekwenda, yule mama amekwenda. Sitaki uondoke na wewe.”

Ikupa alitoka, lakini mlango aliufunga polepole, hakuubamiza.

Nilimkuta nje chini ya paa, anaangalia mvua.

“Nilikufuata nikijua una mwanaume,” nikasema. “Na ile habari ya mimba. Nisamehe, Ikupa. Nilikuona unaingia kwenye chai mara nne na bado nikakasirika.”

“Najua ulinifuata. Unavaa kofia nyekundu halafu unajificha kwenye chai.”

Nilitaka kucheka, nikaona machozi yananitoka mimi badala yake. Akaniachia nilie. Mwisho akanipa ncha ya kitenge nijifute.

“Kwa hiyo harusi?”

“Usiniulize harusi. Kuna mtu anatangulia.”

“Nani?”

“Baba Jotham. Mume wa mama Anyosisye. Anadhani mke wake alikufa palepale, hakuongea na mtu. Siwezi kuvaa shela kabla yule mzee hajajua.”

“Atakutukana.”

“Anitukane.”

Harusi tuliisimamisha bila tarehe. Kumwambia shangazi ilikuwa kazi.

“Na mimba je?” akauliza.

“Hakuna mimba, shangazi. Ni harufu ya ndizi za kwenye ajali.” Nikamweleza yale niliyoruhusiwa kueleza.

Hakuomba msamaha, yeye sio mtu wa hivyo. Ila Jumapili iliyofuata, Ikupa alipokuja, mezani kulikuwa na viazi, na nyumba nzima haikuwa na hata chane moja ya ndizi. Kwetu hiyo ni habari kubwa.

Ikupa aliendelea kwenda Igogwe kila Jumanne, na mimi nikawa naenda naye kwa miguu. Nilijifunza kunyamaza. Gari likija tunaingia kwenye chai wote wawili, ananishika mkono, tunangoja lipite. Kuna siku alinifinya mpaka damu ikatoka. Kuna siku lori lilipita akawa amefumbua macho. Mwezi wa nane ulipokuwa unaisha, Sista Generosa akamuuliza kama yuko tayari kwenda Suma kwa Baba Jotham, akasema hayuko tayari ila ataenda.

Tulimkuta Baba Jotham anapalilia maharage nyuma ya nyumba. Ni mzee mwembamba, mpole. Akatupa vigoda, akakaa na jembe lake magotini.

“Kalibuni. Wewe si yule mwalimu aliyepona?”

“Ndiyo, baba. Nimekuja kukwambia kitu. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, lakini nikimaliza.”

Alimwambia yote. Hakujificha nyuma ya desturi, hakumtupia baba mkwe mzigo. Ule uchi aliupita kwa maneno machache na mzee akaelewa. Alipofika kwenye mkungu, Baba Jotham akamkatiza.

“Mmoja?”

“Mmoja, baba.”

Mzee aliinuka, akaenda akasimama kwenye migomba, katupa kisogo. Nilidhani ndiyo tumefukuzwa. Nikamshika Ikupa mkono tuondoke, akakataa kuinuka. Mzee akarudi, akakaa tena.

“Alikuwa peke yake?”

“Hapana. Baba mkwe alikuwa pembeni yake. Nilikuwa nimewapa mgongo, lakini nilikuwa nasikia. Alipoona hali imekuwa mbaya akamwanzishia wimbo, ule wa jioni mnaoimba kanisani. Wakaimba wote beti mbili. Ubeti wa tatu baba akamaliza peke yake.”

“Aliimba?” Sauti ya mzee ilikuwa imebadilika. “Anyosisye aliimba?”

“Aliimba, baba. Sauti ya pili.”

“Sauti ya pili,” akarudia. Akaanza kulia, mikono juu ya jembe. “Ndiyo. Huyo ni yeye. Miaka yote kwaya, hakuwahi kukubali ya kwanza. Watu walikuja hapa, walisema alikufa palepale, hakusema neno. Hakuna aliyeniambia ameimba.”

Ikupa akashuka kwenye kigoda, akapiga magoti, akalia naye. Mimi nilikaa pale nimeshika kofia yangu. Mzee hakusema amemsamehe, wala Ikupa hakuliomba neno hilo. Ila tulipoaga alimwambia arudi siku nyingine, amwonyeshe ule wimbo walianzia ufunguo gani.

Tulikuwa tumeshapanda kilima cha kurudi, Ikupa alipoongea.

“Mwambie mchungaji aandike Desemba.”

Nikasimama. “Aandike nini Desemba?”

“Ackson, usinifanye niseme mara mbili. Na Obed asilete gari. Nitatembea kutoka kwetu mpaka kanisani.”

“Desemba hapa ni mvua tupu. Utalowa na shela lote.”

“Nitalowa. Mimi nimeshakubali.”

Na tulilowa kweli, tarehe kumi na nane, maharusi, kwaya na wageni wa Dar es Salaam waliokuja na viatu vya kung’aa. Wanaoniuliza kama mke wangu amepona nawajibu hivi: analala siku nyingi kuliko asizolala, na Mbeya tumeshakwenda kwa gari mara mbili, polepole. Baba siku ile aliletwa na vijana wanne wamembeba kwenye kiti chake, akawekwa upande wa pili wa uwanja wa kanisa, mbali, kama ilivyo desturi. Tulipotoka kanisani Ikupa aliuacha mkono wangu. Akavuka uwanja peke yake kwenye mvua, akapiga goti mbele ya kile kiti, akamtazama baba usoni na kumpa mikono yote miwili. Baba akaipokea. Shangazi Tupokigwe ndiye aliyejifunika uso.